Tundu la Mteja, Vumbi la Fundi

Juzi mmoja wenu aliniuliza kwa nini nikisikia drili inaunguruma nyumba ya jirani huwa nainuka kwenda kufunika sufuria. Nilimjibu kwamba ni uzee. Si kweli, ni kazi. Mtu aliyeishi na vumbi la ukuta kama nilivyoishi nalo mimi hawezi kulisikia likizaliwa akaendelea kukaa. Na kwa kuwa sasa nimestaafu, mikono haina la kufanya zaidi ya kuchambua mchicha, nimeona niwaandikie ninyi vijana niliowafunza, mnaoshika drili zenye kasi kuliko akili zenu. Anayetafuta humu habari za vyeo atatoka mikono mitupu. Cheo changu kikubwa kilikuwa kupanda ngazi, na kila jioni nilishushwa.

Sikuanza kama fundi. Nilianza na ufagio. Kwetu ni Misungwi, wazazi wangu walilima pamba, na nilipomaliza shule shangazi yangu wa Igogo alinitafutia kazi ya usafi katika ofisi za shirika moja la umma mjini Mwanza. Siku ya kwanza nilipiga nta korido ya sakafu nyekundu mpaka ikang'aa, nikasimama mwishoni kuitazama kama mkulima anayetazama shamba lililopaliliwa. Ndipo akapita mzee mmoja mfupi, mabega mapana, ovaroli ya bluu, ameshika drili kama mtu aliyebeba kuku kwa shingo. Akaingia chumba cha meneja. Mashine ikalia. Baadaye akatoka, akapita tena koridoni kwangu, na kila alipokanyaga aliacha unyayo mweupe.

Nilichungulia ndani. Alikuwa ametundika saa ya ukutani, na ilikaa sawa kabisa. Chini ya saa kila kitu kilikuwa cheupe: meza, simu, mafaili, na kikombe cha chai ya meneja kilichokuwa kimefanya utando juu kama maziwa yaliyoachwa yapoe.

Nilikusanya lile vumbi lote nikalitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta nyuma ya karakana, amekaa juu ya tairi, anakula viazi vitamu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba binti."

"Umesahau mzigo wako kwa meneja."

Alipokea kopo, akalitikisa karibu na sikio, akalifungua. Upepo wa ziwani haukusubiri. Vumbi lote lilimpanda usoni, kisha likashuka taratibu kwenye viazi. Aliinua uso, nyusi nyeupe, na mimi nikajua kwamba kazi yangu imeisha siku ileile ilipoanza.

"Unaitwa nani?" akauliza.

"Perpetua."

"Perpetua, umenitilia vumbi kwenye chakula."

"Na wewe umetia kwenye chai ya meneja."

"Meneja hakulalamika," alisema. "Aliinywa."

Akaendelea kula viazi vyake, na vumbi lake. Huyo ndiye Mzee Bwire, Mjita kutoka upande wa Musoma, mwalimu wangu katika kazi hii. Alikuwa na mkono usiotetemeka, sikio lililoweza kujua ukuta umejengwa kwa nini kabla biti ya drili haijazama, na pua kubwa aliyoilisha ugoro kutwa nzima kutoka kwenye kijikopo alichokificha mfuko wa kifuani. Tangu siku hiyo kila alipotoboa mahali alipita kuniambia, ili nijiandae. Aliita hiyo heshima. Mimi niliita vitisho.

Kisha ikaja zamu ya mashirika ya umma kuuzwa. Tulipunguzwa kazini siku moja, mimi na yeye, tukapewa mkono wa kwaheri na soda. Mzee Bwire aliondoka na drili kuukuu ambayo mwenye mali mpya hakuitaka. Mimi niliondoka na ufagio, ambao hakuna aliyekumbuka kuuliza ni wa nani.

Enzi ya ruksa ilikuwa imekolea. Mji ulikuwa umefunguliwa kama robota la mitumba, kila mtu anavuta anachokiona. Walioingia kwenye biashara ya minofu ya sangara walijenga nyumba zenye vigae. Madishi yakachomoza juu ya mapaa. Watu waliozoea sakafu ya saruji na viti vya mbao sasa walikuwa na mazulia, makochi ya kitambaa, na televisheni iliyofunikwa vitambaa vya kufuma kama bi harusi. Zamani fundi akimwaga vumbi, mwenye nyumba alifungua mlango likatoka pamoja na kuku. Sasa akimwaga, mama mwenye nyumba alilia machozi.

Mimi nilikuwa nakaanga maandazi karibu na soko la Igogo. Asubuhi moja Mzee Bwire akaja akasimama mbele ya karai.

"Nimefukuzwa tena," alisema.

"Shikamoo. Umefukuzwa na nani?"

"Marahaba. Na mama mwenye zulia. Nimemtundikia pazia, limekaa vizuri, akanirushia ndala."

"Ikakupata?"

"Ilinikosa. Imepiga televisheni, na hilo nalo anasema ni kosa langu." Akachukua andazi bila kuuliza. "Perpetua, nataka mtu anayechukia vumbi."

"Mimi silichukii vumbi. Nawachukia wanaolimwaga."

"Basi ni wewe."

Tulipanga kibanda cha mabati palepale Igogo, akaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango: TUNATOBOA BILA VUMBI. Maneno hayo yalikuwa uongo mtupu, na ilibidi tuyakimbize mpaka tuyafikie. Nilimpa sharti moja tu: tundu ni la mteja, vumbi ni la fundi. Umekuja na drili, utaondoka na vumbi lako.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mnapolipua kazi. Tundu la ukutani nililitegea bahasha. Unaibandika kwa utepe chini ya alama, mdomo wazi, na vumbi zito linaanguka ndani lenyewe kama barua. Lile jepesi halianguki. Linaelea, na linaelea muda mrefu kuliko subira ya fundi yeyote niliyewahi kumjua. Hilo dawa yake ni maji: shuka lililoloweshwa likakamuliwa, moja mlangoni, jingine nyuma ya mgongo wa anayetoboa. Madirisha yafungwe. Feni izimwe kabla hujagusa chochote. Kuna mwenye duka la nguo alikataa kuzima feni kwa ajili ya joto. Jioni ile magauni yake ya rangi zote yalikuwa yamekuwa ya ubatizo.

Ndani ya tundu hubaki unga, na unga usipotoka plagi ya kushikia skrubu haishiki. Mzee Bwire alikuwa na desturi ya kuutoa kwa kupuliza kwa mdomo, jicho likiwa mkabala na tundu. Mnajua kilichorudi. Nilimletea pampu ya baiskeli, na kitambaa kibichi cha kuzungushia tundu wakati wa kupampu, na miwani ambayo alisema inamfanya aonekane kama chura. Nikamwambia wateja wa chura wanalipa sawa na wengine. Na ufagio mkavu niliupiga marufuku kabisa. Ufagio mkavu unalitoa vumbi sakafuni na kulipeleka kifuani kwa watu. Anayewaambia haya alikuwa mfagizi.

Ukuta tuliuweza. Dari ndiyo ilitutoa jasho. Vumbi la dari linamwangukia anayetoboa machoni, kisha linatawanyika chumba kizima likishuka. Tulijaribu beseni: mimi nalishika juu ya kichwa changu, yeye anatoboa juu yake, na nusu ya vumbi linaingia kwenye mikono ya blauzi yangu. Tulijaribu sufuria iliyotobolewa katikati. Ikawa inalia kama kengele, mteja akatuomba tuondoke. Siku moja Mzee Bwire akaja na mwavuli mweusi mkubwa wa mke wake. Alikuwa ameukata mti wake juu kidogo, akautengenezea kiungio cha bomba ili mpini uchomolewe na kurudishwa. Karibu na kitovu cha kitambaa alikuwa ametoboa kitundu cha kupitisha biti.

Ukichomoa mpini, ukaugeuza mwavuli tumbo juu, ukaukandamiza darini, unapata bakuli lililofunikwa na dari yenyewe. Biti inapita kwenye kitundu kutoka chini, vumbi linabaki ndani. Ukimaliza unaushusha polepole kama unayeshusha mchuzi, unakwenda kuumwaga nje. Njiani kitundu tulikiziba kwa kitambaa, tukarudisha mpini, na hakuna aliyejua kwamba tumebeba chombo cha kazi. Mke wa Mzee Bwire alikuja kuujua siku aliyokutana nasi mjini. Sitaandika alichosema, kwa kuwa ninyi wengine ni walokole.

Sifa ya mwavuli ilivuka ziwa. Tuliletewa ujumbe kwamba kuna zahanati ya misheni upande wa Sengerema inataka kitu kizito kitundikwe darini, na sista anayeisimamia anataka "wale mafundi wasiotoa vumbi". Tukapanda kivuko cha kwenda Kamanga na drili kwenye gunia, mashuka mawili, pampu, na mwavuli mkononi mwangu. Kazi ya jana yake ilikuwa dari ya benki. Mzee Bwire ndiye aliyekuwa na zamu ya kuukung'uta, na aliniapia kwamba ameukung'uta.

Katikati ya maji mvua ikashuka. Watu walijibanza chini ya malori. Sisi tulichelewa, tukabaki wazi, na karibu yetu alikuwepo sista mmoja mrefu, veli nyeusi, mkoba kifuani. Alinitazama nikilowa. Akautazama mwavuli. Akanitazama tena.

"Binti," alisema, "unalowa na mwavuli mkononi. Umeweka nadhiri?"

"Mwavuli huu si wa mvua, Sista."

"Ni wa nini?"

Nilimgeukia Mzee Bwire. Alikuwa anatazama visiwa, kama mtu aliyepanda kivuko kwa ajili ya visiwa.

"Ni wa kazini," nikasema.

"Basi ufanye kazi," akasema sista, na akauchukua mkononi mwangu kwa upole ambao haukuwa na mlango wa kukataa. Akauinua juu ya kichwa chake, akaufungua.

Vumbi la benki nzima lilimshukia. Lilianza na veli, likaja mabegani, likamaliza na viatu. Kile kitambaa cha kuziba kitundu nacho kikachomoka, na mvua ikapita palepale kitovuni, mstari mmoja mwembamba, ikaanza kukoroga zege juu ya kichwa cha mtumishi wa Mungu. Mtu mmoja chini ya lori alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

Sista aliufunga mwavuli, akanirudishia. Alijipangusa midomo.

"Ninyi ndio mafundi wasiotoa vumbi," alisema. Hakuwa anauliza.

Aliitwa Sista Domitila, na ndiye aliyetuita. Kutoka Kamanga mpaka zahanati tulisafiri naye kwenye gari la misheni, mimi na Mzee Bwire nyuma na magunia ya sukari, yeye mbele na zege lake likikauka. Nilidhani tukifika atatuonyesha njia ya kurudi. Alituonyesha chumba.

Kilikuwa kidogo, cheupe, chenye joto la jiko la mkaa lililokuwa nje ya mlango. Kitandani alikuwepo msichana aitwaye Nyamizi, na pembeni yake kisanduku cha mbao chenye chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye taulo. Ndani ya kisanduku walikuwemo mapacha, Kulwa na Doto, waliozaliwa kabla ya wakati wao. Sijawahi kuona watu wadogo kiasi kile. Doto alikuwa akipumua kama mtu anayesahau, kisha anakumbuka.

"Nimepata taa ya kuwapasha joto," alisema Sista Domitila. "Inatundikwa juu ya kisanduku. Jenereta ninalo, mafuta ninayo. Dari ni zege, na fundi aliyekuja kwanza aliniambia nifungue tu madirisha, vumbi litatoka lenyewe."

"Halitoki lenyewe," nikasema.

"Najua. Nimefuta sakafu za wagonjwa tangu ujana wangu." Alikuwa amenawa, lakini kwenye nyusi ilibaki benki kidogo. "Mtakapotoboa, mama atakaa nao koridoni, kifuani, chini ya blanketi. Huko kuna baridi, na mvua imeongeza. Siwezi kuwaacha mpaka vumbi litulie. Mkimaliza wanarudi humu palepale. Huyu mdogo akivuta vumbi, hana nguvu ya kukohoa. Mmenielewa?"

Tulimwelewa. Hata Mzee Bwire hakuwa na mzaha mdomoni.

Nilifunga madirisha, nikatundika mashuka mabichi, nikaifuta sakafu iwe na unyevu. Mwavuli niliukung'uta mwenyewe nje, kisha nikaupangusa, kila mbavu. Sista alikwenda akarudi na veli nyingine, nyeusi, imepigwa pasi. Akaitandika juu ya kisanduku kilichokuwa kitupu.

"Dari yenu ikiandika chochote hapa," alisema, "nitakisoma."

Akatoka akasimama mlangoni, nyuma ya shuka.

Mzee Bwire alipanda juu ya meza. Nilishika mwavuli, yeye akapitisha biti, jenereta likanguruma uani. Tundu la kwanza lilikwenda vizuri hivi kwamba niliona aibu kuogopa. Hakuna kilichoanguka. Tulishusha mwavuli, nikaenda kuumwaga nje, nikarudi nikamkuta amesimama kando ya kisanduku, anaitazama ile veli safi na kutikisa kichwa kwa kujipenda.

"Unaona, Perpetua? Hata chembe."

Na mkono wake, wenyewe, bila ruhusa ya mwenye mkono, ukaingia mfuko wa kifuani, ukatoa kijikopo, ukapeleka ugoro puani. Mwili una mazoea yake. Nilimwona nikiwa mbali na sikuwa na muda wa kusema neno. Alipiga chafya ambayo ilitikisa shuka la mlangoni.

Sista Domitila aliingia. Aliinama juu ya veli. Palikuwa na madoa madogo ya kahawia, yametawanyika kama mtama uliomwagwa kwa kuku.

"Hiki ni nini?"

Mzee Bwire aliinama naye, akachunguza kwa umakini wa kitaalamu. "Sista, kwa haki kabisa, hilo si vumbi la dari."

"Ni la nini?"

"La tumbaku."

"Nenda uani."

"Na matundu yaliyobaki atatoboa nani?"

"Huyu ana mikono."

"Huyu ni wa vumbi, Sista. Hajawahi kushika drili."

"Hilo hasa ndilo ninalolitaka," alisema. "Mtu wa vumbi."

Akaichukua veli, akaenda kuikung'uta mbali, akairudisha mahali pake. Mzee Bwire alitoka kama mwanafunzi aliyefukuzwa darasani, na kutoka uani tukamsikia akimweleza mlinzi kwamba amepumzika kidogo.

Nilipanda mezani. Ile drili nilikuwa nimeibeba ndani ya gunia, nyumba kwa nyumba, lakini kuibeba na kuiinua juu ya kichwa ni mambo mawili. Iliniwia nzito kama mtoto wa ndama. Nikauliza nani atashika mwavuli. Sista Domitila alivua viatu, akapanda mezani kando yangu. Meza ikalia.

"Nishike wapi?"

"Chini ya kitovu, Sista. Ukingo wote uguse dari. Na ukichoka useme, usiniachie."

"Mimi sichoki. Anza."

Nilibonyeza. Mtetemo ulipita viganjani, ukaja viwikoni, ukaingia kwenye meno. Nilikuwa nasukuma kwa nguvu zote, na biti ilikuwa inacheza tu. Sauti ya Mzee Bwire ikapenya dirishani.

"Usiisukume. Isindikize."

"Nyamaza huko," alisema Sista Domitila, lakini nilifanya alivyosema, nikalegeza mabega, nikaiacha drili itangulie. Ikazama. Nilisikia vumbi likinyesha ndani ya kitambaa, mvua ndogo, sentimita chache kutoka kwenye pua zetu, na hakuna hata chembe iliyotugusa. Tundu likaisha. La tatu likaanza vizuri, halafu mashine ikabadilika sauti, ikapiga kelele kali ya chuma.

"Nondo," ilisema sauti ya uani. "Umegonga nondo. Toka, hama upana wa kidole. Kile chuma cha kushikia taa kina matundu mapana."

Hakuwa ameona kitu. Alikuwa amesikia tu. Sista alinitazama.

"Mfuate," alisema. "Katika hili ana akili."

Nilihama upana wa kidole. Pembeni yangu sista alikuwa anasali rozari kwa sauti ya chini, na kila drili ilipoongeza kelele naye aliongeza sauti, ili asizidiwe. Mikono yake ilitetemeka lakini ukingo haukuachana na dari. Tundu la mwisho lilipoisha nilizima mashine, na ule ukimya uliokuja uliniuma masikioni. Koridoni nilimsikia Nyamizi akiimba polepole, na nikasikia kwamba mtoto mmoja analia na mwingine halii.

"Tushushe," nikasema. "Taratibu. Sasa ndipo penye kazi."

Tulikuwa tumeushusha mpaka usawa wa kifua, mwavuli umejaa unga wa zege, na kisanduku kiko chini yetu. Hapo ndipo mlango ukafunguliwa. Alikuwa bibi wa Nyamizi, mama wa makamo ya juu, mwenye lafudhi ya Ukerewe, aliyechoka kusubiri. Alisogeza shuka akachungulia.

"Mmemariza?"

Upepo wa ziwani uliingia pamoja naye. Niliona uso wa vumbi ukijikunja ndani ya mwavuli, kama maji kabla ya wimbi. Sikufikiri. Utotoni nilifunga magunia mengi ya pamba wakati wa upepo, na mikono ilifanya ilichokijua: niliukusanya ukingo wa mwavuli wote kwa pamoja, nikaukaba shingo, nikauzamisha kifuani kwangu na uso wangu juu yake. Kilichotaka kutoka kiliishia puani kwangu. Sista Domitila aliruka kutoka mezani na gauni lake lote, akaufunga mlango kwa mgongo. Bibi alibaki nje, nasi tukamsikia akisema kwamba alikuwa anauliza tu.

Nilijizuia kupiga chafya. Sijui mmeshawahi kujizuia chafya ya zege. Machozi yalinitoka, masikio yakaziba, na niliona nyota. Nilishuka mezani nikiwa nimeukumbatia ule mwavuli kama mtoto, sista akanifungulia dirisha la upande usio na upepo, nikautoa nje mikononi mwa Mzee Bwire. Kisha nikakimbia mpaka mwisho wa ua, nyuma ya jenereta, nikapiga chafya zote nilizodaiwa.

Niliporudi Sista alikuwa ameinama juu ya veli. Aliitazama kwa muda. Akaichukua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaigeuza upande huu na ule. Akapitisha kidole. Akakitazama kidole.

"Haijaandika kitu," alisema.

Akaikunja, akaivaa.

Tulifuta dari kwa kitambaa kibichi, tukashuka na kuta, tukamaliza na sakafu, juu kwenda chini na kamwe si kinyume. Mzee Bwire aliruhusiwa kuingia kukaza skrubu, baada ya Sista kumpapasa mfuko wa kifuani na kukiweka kile kijikopo kwenye kabati la dawa, chini ya ufunguo. Taa ikawaka, nyekundu, na joto likashuka kwenye kisanduku. Nyamizi akawarudisha watoto. Sote tulisimama tukimtazama Doto. Alivuta pumzi. Akasahau. Akakumbuka. Akasahau tena, na mimi nikajikuta nimebana pumzi yangu kwa ajili yake. Halafu akapiga mwayo, mdomo mzima, na kulala, na pumzi zake zikaanza kufuatana kama watu kwenye foleni.

Mzee Bwire alijifanya kuna kitu jichoni. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakikuwa vumbi.

Baada ya safari ile sikushika tena mwavuli tu. Nilishika na drili, na yeye ndiye aliyeanza kunishikia mwavuli, akilalamika kwamba sisemi ahsante. Aliniachia karakana mkono wake ulipoanza kutetemeka, na mpaka Mungu alipomchukua alikuwa bado akija kukaa mlangoni kusikiliza matundu yangu na kuyakosoa. Yote mliyonikuta nayo yalitoka kwake, hata matusi.

Lakini nitawaambia jambo moja la mwisho, la msimu wa mavuno ya mwaka uliofuata. Tulikuwa kibandani, tunanoa biti na kukata mabati, mlango wazi. Nyamizi akatokea. Alikuwa amevuka kwa kivuko kuja kutuonyesha wanawe, Kulwa mgongoni, Doto ubavuni, wanene wote wawili, mashavu yanang'aa mafuta. Tuliinuka kumpokea. Alikanyaga kizingiti, akasimama. Alitazama meza yetu, ambayo ilikuwa haijapanguswa tangu siku tulipoiweka. Alitazama rafu, sakafu, mapazia ya buibui yaliyokuwa meupe kwa zege. Doto alikunja pua, akapiga chafya kubwa ya mtu mzima.

Nyamizi alirudi nyuma hatua moja, akawafunika watoto kwa kanga.

"Mama Perpetua," alisema, "Mzee Bwire, samahani sana. Nawaheshimu. Ila tutazungumza hapa nje."

Tukatoka, tukasimama barabarani juani, mafundi wasiotoa vumbi, na yeye akatushikisha watoto baada ya kuhakikisha kwanza kwamba tumenawa.